Wakili, kwani staa ana sheria yake peke yake?

Suali limetoka kwa dada mmoja wa Wete, nalifupisha maana aliandika kirefu na kwa uchungu: "Assalamu alaykum wakili. Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Nungwi, alipigana na mwenzake akamtia jeraha la mkono, leo wiki ya tatu yuko rumande Kilimani na kesi inaahirishwa tu. Mwezi ule ule kuna msanii mkubwa kampiga mtu ukumbini, klipu tumeiona sote, kaingia kituoni magharibi na usiku alishatoka, asubuhi kaposti anakunywa chai. Kosa ni moja. Je sheria ya Zanzibar inamtambua mtu maarufu? Na sisi wanyonge tufanye nini?"

Wa alaykum salaam dada yangu, na pole kwa mtihani. Nianze na lile jepesi. Sheria haimjui staa. Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 12 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, ya Muungano ya 1977 ibara ya 13 inasema yale yale, na ukiichukua Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 ukaipekua ukurasa kwa ukurasa, afu ukaichukua ile ya mwenendo wa kesi za jinai Namba 7 ya mwaka huo huo, hukuti pahala palipoandikwa msanii, mchezaji, tajiri wala mtoto wa fulani. Rais anayo kinga yake, lakini hiyo imeandikwa wazi kwenye katiba, kila mtu anaweza kuisoma na anayetaka kuipinga anajua anapinga nini.

Ila wewe hukuniuliza kimeandikwa nini, wewe umeniuliza mbona macho yako yanaona vyengine. Na macho yako hayajakudanganya. Mimi nnavoona ni kwamba upendeleo haukai kwenye kifungu, unakaa kwenye hiyari. Kuanzia askari anapokushika mpaka hakimu anapotia saini, kuna watu chungu nzima ambao sheria imewaachia waamue kwa busara zao. Askari wa zamu anaamua akuweke ndani au akupe dhamana ya polisi uende kwenu urudi kesho. Mpelelezi anaamua jalada lako alifungue leo au likae chini ya mengine. Waendesha mashtaka wanaamua ushtakiwe kwa kosa zito au jepesi, na Mkurugenzi wa Mashtaka ana uwezo wa kuliondoa shitaka hukumu haijafika. Hakimu anaamua masharti ya dhamana, anaamua faini au kifungo. Hiyari zote hizi ni halali, tena zina maana, bila ya hizo asingekuwepo wa kumuonea huruma mtoto wa skuli aliyechuma maembe ya jirani. Lakini mtu maarufu ndo anapopenyea hapo, na anapenya bila kuacha alama maana hakuna anayeandika "nimempa dhamana mapema kwa sababu nampenda nyimbo zake".

Chukua kituo usiku. Staa anaingia, hajakaa bado simu ya mkuu wa kituo inalia, meneja yuko nje na gari, wakili keshafika, wadhamini wamekuja na vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi mfukoni, na askari mmoja anaomba picha moja tu akamuoneshe mtoto wake. Maelezo yanachukuliwa kwenye kiti cha mbele ya feni. Saa mbili nyingi, katoka. Sasa nambie hapo sheria gani imevunjwa? Dhamana ya polisi kwa kosa la kupigana ipo, haikubuniwa kwa ajili yake. Kijana wenu nae kaingia kwenye kituo kama kile, simu kaiacha mezani pamoja na mkanda, jamaa zake wote wako Pemba na hakuna anayejua yuko wapi mpaka asubuhi, maelezo kayatoa peke yake saa sita ya usiku na damu ya mwenzake iko kwenye shati, kasaini alipooneshwa kidole asaini. Na yeye dhamana ile ile ilikuwa haki yake, ila haki hiyo inataka mtu wa kuisema kwa sauti na pale hakuwepo mtu.

Kwa hivo sehemu ya ulichokiona ni upendeleo na sehemu ni matayarisho, na nnaomba uvitenganishe, maana dawa zake ni mbali mbali. Ile picha na kile kiti cha feni ni upendeleo. Wale wadhamini waliokuwa tayari na wakili wa usiku ni pesa na watu, na hivo hata mtu asiye maarufu akiwa navyo anatoka.

Mahkamani ndo balaa lenyewe, na hapa khasa nataka nikae kidogo maana naamini ndo mahala kijana wenu alipokwama. Masharti ya dhamana kwetu yanasomwa hivi: mshtakiwa asaini bondi ya kima fulani, awe na wadhamini wawili kwa kima hicho hicho, wawe na vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi na barua za masheha wao, yaani viongozi wa serikali wa mtaa, na mara nyingi inaongezwa mmoja wao awe mtumishi wa serikali. Hakimu anaweka kalamu, karani anaita kesi nyengine. Ndani ya chumba kile masharti hayo yanasikika ya kawaida kabisa. Nje barazani ndo yanageuka mlima. Kijana wa Wete anayefanya kazi Nungwi jamaa zake hawako kwenye shehia za Unguja, anakolala ni chumba cha kupanga na wenzake, sheha wa pale hamjui hata jina. Mjomba akitaka kumdhamini anatakiwa aende kwa sheha wake kule Pemba, apate barua, apande boti, alale kwa watu, afike mahkamani, na akifika Ijumaa baada ya sala anaambiwa hakimu keshaondoka njoo Jumatatu. Na mtumishi wa serikali gani atatia saini yake kwa mpika chapati asiyemjua, wakati akikimbia yeye ndo anayebanwa? Staa hahitaji kutafuta, watumishi wanamtafuta yeye.

Na hakimu wala hakumbagua mtu. Kasoma masharti yale yale kwa wote wawili. Usawa wa aina hii ndo unaowafunga maskini wengi kuliko hongo, na kwa bahati mbaya ndo unaozungumzwa kidogo zaidi kwa sababu hauna klipu.

Faini nayo ni hivo hivo. Julai 2018 Mahakama ya Kisutu kule Dar ilimtia hatiani mwigizaji Wema Sepetu kwa bangi, akahukumiwa faini ya shilingi milioni mbili au kifungo cha mwaka mmoja, akalipa akaenda zake. Sisemi hakimu alikosea, hukumu ya namna ile inatolewa kila siku. Nasema ile "au" iliyo katikati mtu mwenye milioni mbili anaisoma kama bei, na asiyekuwa nazo anaisoma kama kifungo tu. Kuna nchi zimejaribu kuliona hili, Finland faini za barabarani kubwa kubwa zinahesabiwa kwa kipato cha mtu, 2023 tajiri mmoja kwenye visiwa vya Åland, visiwa kama sisi tu ila baridi, alipigwa faini ya yuro 121,000 kwa kukimbiza gari. Hebu fikiria hiyo ije barabara ya uwanja wa ndege hapa, tungeona watu wanaendesha kwa adabu.

Halafu kuna kitu ambacho ni kigumu kukiona kwenye klipu: muda. Nyinyi wapenzi wa filamu za Kihindi mnaijua kesi ya Salman Khan. Septemba 2002 gari yake ilipanda juu ya watu waliolala nje ya duka la mikate Mumbai, mmoja akafa na wanne wakaumia. Mahakama ilimhukumu miaka mitano tarehe 6 Mei 2015, yaani karibu miaka kumi na tatu baadae, na siku ile ile Mahakama Kuu ya Bombay ikampa dhamana, hakulala ndani. Desemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikamuachia kabisa ikisema upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi pasi na shaka. Inawezekana majaji walikuwa sahihi kwa ushahidi waliokuwa nao mezani, mimi sikai hapa kuwahukumu. Lakini askari aliyekuwa mlinzi wake, ambae ndo alikuwa shahidi mkubwa, alishakufa tokea 2007. Kesi ikivutwa miaka kumi na tatu mashahidi wanakufa, wanahama, wanasahau, na mwenye uwezo wa kuivuta ni mwenye mawakili wa kupigana kila hatua. Kwa kijana wenu muda unafanya kazi kinyume, kila kesi ikiahirishwa yeye ndo anayezidi kukaa.

Sasa usije ukadhani umaarufu ni ngao skuzote. Nguza Viking, Babu Seya, alikuwa mwanamuziki mkubwa, na Juni 2004 yeye na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya kuwabaka watoto. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wawili, yeye na mwanawe Papii Kocha wakabaki ndani. Desemba 2017 Rais Magufuli akawasamehe, na miezi michache baadae, Machi 2018, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikasema haki yao ya kusikilizwa vizuri ilikiukwa, miongoni mwa mambo ni kutopewa nakala za maelezo ya mashahidi. Ukiiangalia kesi hii utaona kila mtu anachukua kipande anachokitaka. Mmoja atasema mmeona staa kasamehewa, mwengine atasema mmeona staa kakaa ndani zaidi ya miaka kumi na tatu kwa kesi iliyokwenda pogo. Watoto wa ile kesi sijamsikia mtu anawazungumza.

Mwigizaji Elizabeth Michael, Lulu, nae baada ya mwigizaji mwenzake Kanumba kufariki Aprili 2012 alishtakiwa kwanza kwa mauaji ya kukusudia, na hilo halina dhamana, akakaa ndani mpaka Januari 2013 shitaka lilipobadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Novemba 2017 akapewa miaka miwili, Mei 2018 akatolewa kumalizia kwa kazi za jamii. Umaarufu hapo ulimsaidia au ulimuumiza? Nadhani vyote viwili. Na kule Marekani 2007 Paris Hilton alipewa siku 45 kwa kuendesha gari wakati leseni imesimamishwa, mkuu wa polisi akamtoa baada ya siku chache akae nyumbani, watu wakapiga kelele, hakimu akamrudisha ndani kesho yake analia. Alikaa kama siku ishirini na tatu, ambazo ni nyingi kuliko walizokaa wengi wa kosa kama lake kwenye jela zile zilizokuwa zimejaa. Yaani kapendelewa, kelele zikapigwa, afu akaadhibiwa kupita wenzake ili serikali ioneshe haipendelei. Hiyo nayo sio haki.

Na hapa kwetu tusijifanye tumesahau. Masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu, walikuwa wakijulikana Unguja na Pemba kuliko msanii yeyote, viwanja vilikuwa vinajaa. Walikaa mahabusu bara miaka na miaka kwa mashtaka ya ugaidi, na Juni 2021 mashtaka yakafutwa bila ya kesi kufika hukumu. Kujulikana hakukuwatoa hata siku moja mapema. Kwa hivo nnaposema umaarufu unampa mtu nafasi, nasema umaarufu unaopendwa na wenye hiyari mkononi. Ukijulikana na hawakupendi, ni afadhali usingejulikana.

Turudi kwenye msamaha maana hapo nako pana maneno. Rais wa Zanzibar anao uwezo wa kikatiba wa kusamehe, na kila Januari tukisherehekea Mapinduzi tunasikia wanafunzi kadhaa wa Chuo cha Mafunzo, yaani wafungwa, wameachiwa. Ni jambo la rehema na mimi naliunga mkono. Ila kuna ruhusa ndogo ndogo kabla ya hapo ambazo hazitangazwi. India tena: mwigizaji Sanjay Dutt alihukumiwa miaka mitano kwa kumiliki silaha, akaingia jela Mei 2013 akatoka Februari 2016, na katikati alikuwa anapewa ruhusa ya kutoka kwenda nyumbani, mara mke anaumwa mara likizo ya kawaida, jumla zaidi ya siku 100 nje. Ruhusa zile zipo kisheria kwa kila mfungwa wa kule. Suali ni wangapi waliomba na wakapewa kwa wepesi ule.

Sasa nije kwenye letu wenyewe, na hili litakera baadhi ya watu. Kwetu Zanzibar kitu kinachomlinda mtu mkubwa kuliko simu ya mkuu wa kituo ni muhali, ile haya ya kumkatalia mtu unayejuana nae. Huyo msanii wenu ni mtoto wa fulani, kakulia mtaa fulani, aliyepigwa nae jamaa zake wanasali msikiti mmoja na baba yake. Kesho yake asubuhi wazee washafika na kanzu zao wamekaa sebuleni: jamani tumalizane, mtoto kakosea, chukueni hichi cha matibabu, kesi itatutia aibu sote. Aliyepigwa anajikuta akikataa yeye ndo mbaya. Shahidi nae anapata muhali, anasema sikuona vizuri, taa zilikuwa zinazima zinawaka. Jalada linakufa na kila askari, mwendesha mashtaka na hakimu kafanya kazi yake sawa sawa, kesi bila shahidi haina kitu.

Na umaarufu wa kwetu sio wa TV tu. Mwalimu wa madrasa anayeheshimiwa ni staa mtaani kwake, mchezaji wa timu ya shehia ni staa, mfanyabiashara anayelisha futari Ramadhani nzima ni staa. Kwenye kesi za udhalilishaji wa kijinsia ndo tumeumia zaidi na hili, mpaka 2021 ikaanzishwa mahkama maalumu ya kesi hizo, na bado anayemlinda mtuhumiwa anaweza kuwa mama mkubwa wa mtoto mwenyewe. Mnakumbuka R. Kelly, mwanamuziki wa Marekani? Mwaka 2008 Chicago aliachiwa kwenye kesi ya mkanda wa video wa kumdhalilisha mtoto, na msichana aliyetajwa kuwemo kwenye mkanda ule hakwenda kutoa ushahidi. Mwaka 2022 msichana yule yule, sasa mtu mzima, akasimama kizimbani akasema, na Kelly akatiwa hatiani. Kilichobadilika katikati ni mtu mmoja kuacha kuogopa, na ilichukua miaka kumi na minne.

Kwa hivo wale waliojaza komenti "haki iko wapi" chini ya ile klipu, ningependa nijue wangapi walikuwepo ukumbini siku ile na wangapi wamekwenda kituoni kutoa maelezo. Kulalamika ni rahisi. Zamani Siti binti Saad alikuwa anaziimba kesi za mahkamani, mtaa mzima wa Ng'ambo hapa mjini ukajua nani kafungwa na nani kaachiwa na kwa nini, na hiyo ilikuwa kazi kubwa kwa sababu watu walikuwa hawana pengine pa kusikia. Leo kila mtu ana simu. Klipu yako ni ushahidi, ukiiposti tu na usiipeleke unakuwa umeburudisha watu. Na uangalie unachoandika, mtuhumiwa yeyote ni mtu asiye na hatia mpaka mahkama iseme, hata yule unayemchukia, na ukimwita mtu majina mtandaoni unaweza kushtakiwa wewe yeye akabaki anakunywa chai yake.

Haya, kijana. Kwanza jueni kitu kimoja kwa uhakika: kapewa masharti ya dhamana akashindwa, au dhamana yenyewe haijaombwa? Watu wengi wanakaa Kilimani wanadhani wamenyimwa dhamana kumbe masharti yapo yamesomwa na hakuna aliyeyatimiza. Mtu mmoja wenu wa Unguja aende kwa karani wa mahkama na namba ya kesi aangalie jalada, hilo halitaki hongo, ukiombwa chochote "cha kuharakisha" ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, wapo na ndo kazi yao. Dhamana haiuzwi.

Kama masharti yapo na ni mazito, yasihesabiwe kuwa ndo mwisho. Siku ya kesi mshtakiwa mwenyewe anaruhusiwa kusimama na kusema, mheshimiwa naomba masharti yangu yapunguzwe, jamaa zangu wako Pemba, naomba wadhamini wa Pemba wakubaliwe kwa barua za masheha wa huko na sharti la mtumishi wa serikali liondolewe. Aseme hivo hivo kwa Kiswahili chake, hakuna uchawi. Sheria inataka kima cha dhamana kisiwe kikubwa kupita kiasi na kiendane na hali ya kesi yenyewe. Hakimu akikataa, Mahkama Kuu ina uwezo wa kuamuru apewe dhamana au masharti yapunguzwe. Hapo ndo mtahitaji mwanasheria, na kama hamna pesa msikae kimya, tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018, tuna wasaidizi wa sheria kwenye shehia, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kiko tokea 1992 na Pemba wana afisi Chake Chake. Nenda hapo wewe mwenyewe, usimtume mtu, ukiwa na namba ya kesi na jina kamili la mshtakiwa kama lilivo kwenye hati ya mashtaka.

La pili, na hili watu hawalijui: ile suluhu aliyoifanya staa sebuleni, nyinyi mnaweza kuifanya mbele ya hakimu. Makosa madogo ya mtu na mtu, kama kupigana kusikokuwa na jeraha baya, mahkama inaruhusiwa kuhimiza watu wapatane na kesi ikamalizika kwa fidia. Inategemea hati ya mashtaka imeandika kosa gani na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ya aliyeumizwa imesema nini, jeraha la mkono linaweza kuwa mkwaruzo na linaweza kuwa mshipa umekatika, mimi sikuiona. Lakini muulizeni mwanasheria hilo mapema. Na kwa jina la Mungu msimfuate aliyeumizwa nyumbani kwake kundi zima, hata kwa nia njema, mkaonekana mnamtisha shahidi na dhamana ikafutika. Pitieni kwa mwendesha mashtaka. Hii haihusu kesi za udhalilishaji hata kidogo, hizo hazisuluhishwi sebuleni wala pengine popote.

Na yule aliyepigwa na msanii, kama unamjua mwambie hivi: awe na PF3 yake na namba ya RB, yaani namba ya ripoti kituoni, aweke nakala nyumbani. Akienda kituoni mara mbili tatu anaambiwa jalada halionekani, aandike barua afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, kwetu mashtaka wanaendesha wao sio polisi, na jalada wanaweza kuliita. Barua iwe na tarehe na igongwe muhuri wa kupokelewa. Mtu mwenye hiyari akishaulizwa kwa maandishi kwa nini hakufanya kitu, inabidi nae ajibu kwa maandishi, na hapo ndo simu za usiku zinapokuwa ngumu kuelezeka.

Tarehe inayofuata ya kijana wenu, kama mlalamikaji hakuja au shahidi hakuletwa na upande wa mashtaka wakaomba tena kuahirisha, kijana aombe iandikwe kwenye rikodi kuwa yeye yupo na yuko tayari na waliokosekana ni wao. Ikishaandikwa mara moja, mara mbili, ombi la kupunguziwa masharti linakuwa na kitu cha kusimamia. Nitumie namba ya kesi kwenye inboksi, sio hapa hadharani, na unambie hati ya mashtaka imeandika kifungu gani.